Karatasi Juu ya Sanduku Langu

Jumatatu, 4 Machi

Kila boti ya faiba inayokwenda bila kupotea katika maji haya, iwe ya abiria, ya mchanga au ya wakubwa, inaona njia kwa sababu yangu. Sijisifu, nasema ilivyo. Mtengeneza boti anatoa chombo kipofu. Mimi ndiye ninayekifungua macho. Nakata tundu kwenye dashibodi, skrini inaingia, chombo kinaona kina, kinaona mwamba, kinaona samaki aliyelala. Miaka ishirini na miwili nimekata na sijawahi kupima. Wakati fulani nilikata tundu la duara, kipande kilichotoka kikabiringika mpaka sokoni, kikazunguka, kikarudi miguuni kwangu. Walioshuhudia wote wamekufa, la sivyo ningewaleta hapa waseme wenyewe.

Sababu ya kuandika ni kwamba leo Dada amegawa madaftari. Dada ni dada yangu wa tumbo moja, amenitangulia miaka minne, na karakana ni yake tangu shemeji afariki. Kasema: "Kila fundi aandike alichofanya siku hiyo. Mvua zikiisha nayakusanya, nataka nijue humu ndani nani anafanya nini." Gundi, ambaye kazi yake ni kuchanganya gundi ya faiba na kuziba matundu ya wenzake, akauliza kama anaruhusiwa kuchora. Mimi nikasema langu moja halitatosha, aniwekee la pili.

Mvua imeanza leo hii hii. Bati linapigwa mpaka mtu unaongea na mwenzio kwa mikono.

Jumanne, 5 Machi

Mvua. Nimekata tundu la taa. Zuri mno.

Ijumaa, 8 Machi

Tumeletewa mtu. Ni mpwa wangu, kitindamimba wa Dada, ametoka chuo cha ufundi, miaka miwili anasomea mitambo ya umeme ya vyombo vya majini. Huyu mtoto nilimbeba mgongoni akanikojolea mara nne, ya tano nikamshusha. Leo anaingia na buti mpya. "Shikamoo Mjomba." "Marahaba, karibu uone watu wanavyofanya kazi." Akatabasamu, akafungua mkoba wake.

Nilidhani atatoa nyundo. Katoa rula ya chuma, bikari, penseli tatu zilizochongwa, utepe wa bluu, na kioo kidogo kwenye kijiti cha kuchungulia nyuma ya ukuta. Nikamuuliza Gundi, "Amekuja kufunga skrini au kung'oa meno?" Gundi akacheka. Yeye hakucheka. Kuanzia leo namwita Bibi Vipimo, na jina limeshika, maana hata mama yake kalitumia bila kufikiri.

Kisha Dada akatukusanya. Kuna mtu, Nahodha, ana boti sita za abiria. Zote zinataka skrini na redio. Ataleta moja kwanza. "Hiyo moja ikitoka safi, tano zinafuata. Na nitakayemweka kuongoza hizo tano, nitamwona kwenye hiyo moja." Watu wote wakaniangalia mimi. Gundi alimwangalia Bibi Vipimo, lakini Gundi huwa anachelewa kuelewa.

Jumanne, 12 Machi

Boti ya Nahodha imefika juu ya mkokoteni wake. Ndefu, rangi ya maziwa yaliyokaa siku mbili, viti kumi na vinane. Nahodha mwenyewe ana tumbo linalotangulia kuingia mlangoni. Kasema, "Sitaki mikwaruzo." Nikamwambia boti nikishaigusa mimi, mikwaruzo ya zamani nayo inajifuta. Akapenda.

Nikaanza na tundu la redio. Nimewasha msumeno wa umeme, nimeuinua, mara nasikia mkono begani.

"Mjomba, umeangalia nyuma?"

"Nyuma kuna nini?"

"Ndicho ninachouliza."

Akazama chini ya dashibodi na kioo chake, miguu tu nje, buti mpya zinanitazama. Akatoka na vumbi puani. "Kuna mpira wa mafuta ya usukani. Vidole viwili kutoka hapo ulipotaka kukata. Ungekata huo, boti isingepinda kulia wala kushoto."

Nilijua. Ule mpira niliusikia harufu tangu mlangoni, nilikuwa napanga kukata kwa kuukwepa. Nilimweleza hivyo mbele ya wote. Gundi kaenda kucheka nje, kwenye mvua, akarudi amelowa.

Mtu hawezi kukuwekea mkono begani namna ile. Hata mama yake hajawahi.

Jumatano, 13 Machi

Tundu la redio limekaa vizuri. Limesogea vidole vitatu kushoto, kwa hiari yangu.

Jumamosi, 16 Machi

Vumbi la faiba, kwa asiyelijua, ni sindano ndogo ndogo za kioo. Likiingia kwenye shingo unajikuna mpaka unasahau jina lako. Mimi ngozi yangu ilishazoea, naweza kulala juu yake. Leo nimekung'uta ovaroli langu pale kwenye msumari wa nguo, kama ninavyokung'uta siku zote. Kwamba koti la Bibi Vipimo lilikuwa limetundikwa hapo hapo, likiwa limefunguka kola, hayo ni mambo ya koti.

Jumatatu, 18 Machi

Anajikuna. Ananiangalia anajikuna.

Alhamisi, 21 Machi

Amelipiza. Nimefungua sanduku langu, nyembe zangu zote za msumeno hazipo. Zile zenye meno makubwa, ambazo zikikata zinalia kama fisi. Badala yake kuna pakiti ya nyembe nyembamba, meno yanaelekea chini badala ya juu. Nikapiga kelele mpaka Dada akatoka ofisini.

"Zile zinang'oa rangi pembeni, Mjomba," Bibi Vipimo anasema, huku anajikuna kiwiko. "Hizi zinakata zikishuka, rangi haibanduki. Bandika utepe kwanza, kisha kata."

"Nimekata kabla hujaota meno!"

"Naona. Na alama zake naziona kwenye kila boti iliyoko hapo gatini."

Dada kasema nijaribu. Nikajaribu kwenye kipande kibovu ili nimwaibishe. Kingo zimetoka laini, hata chembe ya rangi haikuruka. Nimekasirika siku nzima. Mama watoto kaniuliza nimekumbwa na nini, nikamwambia, akasema, "Kwa hiyo tatizo ni kwamba limekatika vizuri?" Kumbe hata nyumbani kwangu hakuna wa upande wangu.

Jumapili, 24 Machi

Nimelala. Tumbo linaguruma. Nashuku yale maharage.

Jumatatu, 25 Machi

Leo naandika kirefu maana watu watapotosha.

Ilikuwa siku ya skrini kubwa. Skrini yenyewe ni kitu kama sinia jembamba, inaonyesha ramani na kina, na Nahodha aliinunua kwa maringo. Mvua ilikuwa haijawahi kutokea. Najua nasema hivyo kila mwaka, lakini ya leo niliona chura anatafuta pa kujikinga. Bibi Vipimo aliitwa gatini asubuhi kuangalia betri za chombo kingine. Dada alikuwa ofisini. Gundi alikuwa nyuma anachanganya. Na mimi nina tumbo, nimeshakwenda nyuma ya karakana mara tatu kabla ya saa nne, nikikimbia na gunia kichwani.

Nikaona kazi isingoje. Sanduku la skrini liko wazi, skrini imo. Hakukuwa na karatasi yoyote. Fundi wa kweli hahitaji karatasi. Nikachukua skrini yenyewe, nikailaza kifudifudi kwenye dashibodi mahali pake, nikaizungusha penseli pembeni pote, taratibu, kama mtu anayemchora mwanawe kiganja. Niliangalia na nyuma, iandikwe hiyo, niliangalia na nyuma. Nikatoboa pembe nne kwa drili. Nikakata. Kwa nyembe zake zile zile nyembamba, na utepe wake wa bluu, ili asinikute na kosa. Mkono haukutikisika hata tumbo liliponiita. Tundu lilitoka limenyooka hivi kwamba inzi alijaribu kutua ukingoni akateleza.

Nikamwita Dada. Nikamwita Gundi. Bibi Vipimo naye akawa anaingia, maji yanamchuruzika. Nikasema tazameni. Nikaiinua skrini, nikaiweka kwenye tundu, nikaachia.

Ikapita.

Ikapita yote, na fremu yake, ikaingia ndani ya dashibodi kama barua kwenye sanduku la posta, ikabaki inaning'inia kwa waya wake huko gizani.

Bibi Vipimo akasogea, akaweka rula. "Umechora uso wake," akasema polepole. "Mjomba, umefuata ukingo wa uso. Uso ndio unaotakiwa kubaki nje na kushikilia. Tundu linakuwa dogo kuliko uso. Ndiyo maana kuna karatasi ya kipimo."

"Karatasi gani?"

"Niliyokuwekea juu ya sanduku lako la vifaa saa moja na nusu asubuhi. Nikaweka na kokoto juu yake."

"Sijaona karatasi."

"Kokoto ulizoona ngapi?"

"Usinifanyie mtihani mimi!" Nikamwambia skrini ilisinyaa kwa baridi ya mvua, jambo linalojulikana. Nikamwambia na kama kweli kuna karatasi, basi ni yeye hakuileta, maana mtu wa vipimo ndiye mwenye dhamana ya vipimo. Nikamwangalia Dada. Dada akamwangalia binti yake. Gundi akauangalia mkono wangu, sijui kwa nini.

Tumbo likaniita. Nilitoka kwa heshima.

Jumanne, 26 Machi

Sisemi na mtu.

Alhamisi, 28 Machi

Gundi anaziba. Ameweka kibao kwa nyuma, anabandika kitambaa cha faiba tabaka kwa tabaka, anapaka gundi yake. Unyevu umezidi, haigandi. Ameongeza dawa ya kugandisha, ikaganda kwenye kopo, ikatoa moshi. Anatukana kitu kisicho na jina, lakini akitukana anatazama kwangu.

Dada kaniita ofisini. "Mdogo wangu, niambie mimi. Alikupa karatasi?"

"Dada, mimi nikudanganye wewe?"

Akasema, "Basi ni uzembe wake." Nikasema upepo nao huenda ulihusika, nisije nikaonekana mkatili.

Jumanne, 2 Aprili

Bibi Vipimo amebandika utepe wa bluu sakafuni, kutoka mlangoni mpaka kwenye meza ya kazi. Upande mmoja vyombo vyake, upande mwingine vyangu. Drili iko upande wake. Nikiitaka namwambia Gundi, "Mwambie mwenzako naomba drili." Gundi anageuka, anamwambia mtu aliyesimama hatua mbili kutoka kwangu, "Anaomba drili." Naye anasema, "Mwambie aandike barua." Gundi anageuka, "Uandike barua." Siku nzima hivyo. Gundi kasema ataomba anunuliwe kengele.

Ijumaa, 5 Aprili

Mvua. Kiraka hakijakauka. Nimekula peke yangu.

Jumanne, 9 Aprili

Leo yeye kasema moja kwa moja, bila Gundi. "Mjomba, kokoto ilikuwa nyeupe. Nimeikuta nyuma ya karakana, kwenye njia ya kwenda uani."

"Kokoto zina miguu mvua ikinyesha."

"Na karatasi?"

"Panya," nikasema.

"Juzi ilikuwa upepo."

"Panya mwenye upepo."

Akanicheka usoni, kicheko cha dharau, halafu akaacha ghafla. Akasema, "Nilipokuwa chuoni nilikuwa nawaambia wenzangu nina mjomba anayekata kwa jicho. Walikuwa hawaamini. Nilikuwa nakutetea." Akarudi upande wake wa utepe.

Asinijie na maneno laini. Ndivyo wanavyoanza.

Jumamosi, 13 Aprili

Kiraka kimekauka. Gundi amepiga msasa, amepaka rangi. Boti ina rangi ya maziwa ya siku mbili na rangi ya Gundi ni ya maziwa ya leo. Kiraka kinaonekana kama plasta kwenye paji la uso.

Alhamisi, 18 Aprili

Amekata yeye. Dada ndiye aliyeamuru.

Niliegemea nguzo nikasubiri aharibu. Alichora kipimo upya kwenye karatasi ngumu, kutoka kwenye kitabu cha maelezo. Akapima juu, akapima chini, akapima pembe kwa pembe, akafuta, akapima tena. Mimi katika muda huo ningekuwa nimekata boti tatu na kuoa. Akazama na kioo. Akatoka. Akabandika utepe. Akatoboa pembe. Akakata kwa mwendo wa konokono anayekwenda kudaiwa, anasimama, anapuliza vumbi, anaendelea. Kingo zikatoka nyeupe, akazipaka gundi kwa brashi ili maji yasiingie ndani ya ubao ulioko katikati ya faiba. Mimi kupaka kingo sijawahi. Boti zangu zote zimekunywa maji kwa nguvu zake zenyewe.

Kisha akaiweka skrini. Haikutoa sauti. Ilikwenda ikakaa, ule uso ukafunika tundu pande zote sawa, kama kifuniko cha sufuria yake mwenyewe.

Gundi akapiga makofi. Mimi mikono yangu ilikuwa mifukoni. Nilitaka kumchukia zaidi nikakosa pa kuongezea.

Jumatatu, 22 Aprili

Nahodha kaja. Amewasha skrini, imewaka, amefurahi, ameona kina cha maji akiwa nchi kavu, inaandika sifuri, amefurahia hata sifuri. Kisha kidole chake kikaenda kando ya skrini, kikafuata ile rangi nyeupe, kikazunguka.

"Hiki kiraka ni cha nini?"

Bibi Vipimo aliniangalia. Alikuwa ananipa nafasi, sasa naona hivyo, wakati ule niliona ananitega. Nikasema, "Muulize mwenye karatasi za vipimo zilikuwa wapi."

Nahodha akamgeukia. "Wewe ndiye wa karatasi?"

"Ndiyo."

"Na karatasi ilipotea?"

"Niliiweka mahali pake," akasema. "Zaidi ya hapo siwezi kusema."

Nahodha akamwambia Dada, "Mama, boti tano sileti kwa mtu anayepoteza karatasi. Nazileta kwa huyu mzee, kwa sharti huyo asiziguse." Akanipiga mgongoni. Sijawahi kupigwa mgongoni kukaniuma hivi. Lazima ni ile mvua, imeingia mifupani.

Jumanne, 23 Aprili

Dada ameamua. Mimi naongoza hizo tano. Bibi Vipimo anaondoka Jumamosi kwenda kwa shangazi yake, upande wa marehemu shemeji, kukaa dukani auze betri na balbu. Dada kasema hivyo akiwa amesimama mlangoni, uso kama mlango. "Karakana siwezi kuipoteza kwa ajili ya mwanangu." Binti akasema, "Sawa, Mama." Hata hakubishana. Mtu ukishinda unataka kubishiwa kidogo.

Nimemwambia mama watoto nimeshinda. Akauliza, "Umemshinda nani? Mtoto uliyembeba mgongoni?" Akanipa chakula. Akakaa upande mwingine wa meza mpaka nikamaliza.

Jumamosi, 27 Aprili

Kaondoka asubuhi. Kabla ya kupanda gari alikuja mpaka kwenye utepe wake wa bluu, akasimama upande wake.

"Mjomba, nauliza mara moja, sitarudia. Karatasi niliweka au sikuweka?"

Gundi alikuwa pale. Dada alikuwa pale, ameshika mkoba wa mwanawe.

"Mimi sikuona karatasi," nikasema.

"Haya." Akainama akashika ncha ya utepe, akaubandua sakafuni wote, kutoka mlangoni mpaka mezani, akaufinyanga kama mpira, akaniwekea kiganjani. "Karakana yote yako sasa. Kwaheri Mjomba."

Hakusema shikamoo. Ni mara ya kwanza.

Jumanne, 30 Aprili

Mvua inapungua. Hakuna wa kumgombeza.

Ijumaa, 3 Mei

Boti ya pili imefika. Gundi anaongea na mimi kwa maneno mawili mawili: "Ndiyo fundi." "Sawa fundi." Nimemsimulia ile ya kipande kilichobiringika mpaka sokoni. Akasema, "Juzi kilikuwa kinaishia kanisani." Sijawahi kusema kanisani. Au labda.

Jumanne, 7 Mei

Nimefungua sanduku la skrini ya pili. Karatasi ya kipimo imo, nene, imekunjwa mara nne. Nimeikunjua mezani. Ina mistari miwili, mmoja ndani ya mwingine. Mmoja umenyooka, mmoja wa vitone. Na maneno ya lugha ambayo shule yangu haikufika.

Nimekaa nayo tangu saa mbili asubuhi. Nikikata mstari wa nje, skrini inapita tena. Nikikata wa ndani na kumbe siyo, haiingii, nitapanua kidogo, nitapanua tena, najua ninavyopanua. Nikamuuliza Gundi, kana kwamba namjaribu, "Wewe ungekata upi?"

Akafuta mikono yake polepole. "Mimi ningemuuliza anayejua."

"Anayejua nani?"

"Anauza balbu."

Sikukata. Nimemwambia Dada unyevu bado.

Alhamisi, 9 Mei

Unyevu bado.

Ijumaa, 10 Mei

Jua limetoka kamili. Unyevu umekwisha, sina pa kujificha. Dada kasema kesho asubuhi anakusanya madaftari, na kesho hiyo hiyo Nahodha anakuja kuona tundu.

Nilikwenda kutafuta bikari chini ya sanduku langu la vifaa, kule ninakotupa misumari iliyopinda. Nikakuta utepe wa bluu, roli nzima mpya, na karatasi ya daftari imezungushiwa. Mwandiko wake. Amechora ile mistari miwili. Wa ndani ameupitisha kalamu nyekundu mara nyingi mpaka karatasi imekaribia kuchanika. Chini ameandika: "Mjomba, kata huu mwekundu. Wa nje usiuguse, huo ni uso. Kabla ya kukata angalia nyuma. Ukikosea tena, mpwa mwingine wa kumsingizia huna."

Aliweka kabla ya kuondoka. Baada ya yale yote. Na bado amenitukana, hakuacha kunitukana hata kidogo, na nimeshukuru kwa hilo, maana angeandika vizuri ningekaa chini sakafuni.

Nimeangalia nyuma. Nimebandika utepe. Nimekata mwekundu. Nimepaka kingo. Skrini ilikaa bila kutoa sauti. Gundi alisimama, akaangalia, akarudi kwenye kopo lake. Mikono yake ilikuwa na gundi, asingeweza kupiga makofi, naelewa.

Jumamosi, 11 Mei

Dada yuko nje anakusanya. Nasikia anamwambia Gundi, "Ndiyo nini hii, umechora samaki tu?" Nina dakika chache.

Nilifikiri kuchana ukurasa wa tarehe ishirini na tano Machi. Lakini daftari hili limeshonwa kwa uzi katikati, ukichana mmoja unatoka na mwenzake, na mwenzake ndio ukurasa wenye kipande kilichokwenda sokoni, siwezi kuupoteza. Basi Dada, soma. Yale niliyosema kuhusu uso wako kama mlango, yaruke. Ukifika hapa, chukua simu umpigie mwanao arudi. Boti zilizobaki aongoze yeye, mimi nitakata atakaponichorea. Nahodha nitamweleza mimi mwenyewe, kwa ufupi, nikiwa mbali kidogo na tumbo lake.

Karatasi niliiona. Ilikuwa juu ya sanduku langu, na kokoto nyeupe juu yake, saa tatu asubuhi. Tumbo lilikuwa limeniita kwa mara ya tatu, mvua ile, uani hakukuwa na kitu chochote cha kujisafishia, na gunia lilikuwa limelowa. Nikaichukua, nikakimbia nayo, kokoto ikadondoka njiani. Nikaigawa vipande vinne, kwa jicho, bila kupima, na hata hivyo havikutosha.